Mtoto Asiye na Baba, Nani Amfundishe?

Historia ya mafundisho ya watoto katika Israeli ya kale

Katika Israeli ya kale, kumfundisha mtoto ilikuwa kazi ya baba. Sheria haikumtwika mfalme mzigo huo, wala haikuuacha kwa makuhani peke yao, ilimtwika mzazi. Desturi hiyo ilikuwa njema, na watu waliishi nayo karne nyingi. Lakini ilikuwa na tundu moja, nalo tundu hilo lilikuwa kubwa: mtoto aliyefiwa na baba yake alibaki bila mwalimu. Somo hili laeleza jinsi Wayahudi walivyoliona tundu hilo, jinsi walivyojaribu kuliziba mara tatu, na jinsi kazi hiyo ilivyowaokoa siku walipopotewa na mji wao na hekalu lao.

1. Nyumba ilikuwa shule ya kwanza

Kitabu cha Kumbukumbu la Torati chawaagiza wazazi wayashike maagizo ya Mungu moyoni, na kuwafundisha watoto wao nyumbani na njiani, wakati wa kulala na wakati wa kuamka. Basi hapakuwa na saa moja ya somo iliyotengwa mbali na maisha. Kijana alijifunza akimfuata baba yake shambani na malishoni. Msichana alijifunza kwa mama yake, jikoni, kisimani na penye kazi ya kufuma nguo.

Mara nyingi mafundisho hayo yalianza kwa swali la mtoto. Kitabu cha Kutoka chasema kwamba siku ya Pasaka mtoto atauliza maana ya ibada ile, na hapo baba atamsimulia jinsi Waisraeli walivyotolewa Misri. Kitabu cha Yoshua chasimulia habari za mawe kumi na mawili yaliyotolewa katika mto Yordani na kusimamishwa huko Gilgali, ili watoto wa baadaye wayaone na kuuliza mawe yale yana maana gani. Tuangalie hekima ya jambo hilo. Mzazi aliweka mbele ya macho ya mtoto kitu cha kumshangaza, kisha akangoja swali lake. Mkate usiotiwa chachu ulikuwa somo, na jiwe nalo lilikuwa somo.

Pamoja na dini, baba alipaswa kumfundisha mwanawe kazi ya mikono. Walimu wa Kiyahudi wa karne za baadaye waliyahesabu madeni ya baba kwa mwanawe: kumtahiri, kumkomboa akiwa mzaliwa wa kwanza, kumfundisha Torati, kumwoza mke na kumfundisha ufundi. Wengine waliongeza kwamba amfundishe kuogelea, maana siku moja uhai wake waweza kutegemea jambo hilo. Rabi Yehuda alisema kwa ukali kwamba baba asiyemfundisha mwanawe ufundi ni kama amfundishaye wizi.

2. Herufi ishirini na mbili

Katika nchi za Misri na Babeli maandishi yalikuwa na alama mamia kwa mamia. Mwandishi alihitaji miaka mingi ya kujifunza, kwa hiyo kuandika kulikuwa mali ya watu wachache. Waebrania, kama jirani zao Wafoinike, waliandika kwa herufi 22 tu. Mlango ulikuwa mwembamba bado, lakini uliweza kufunguliwa.

Mwaka 1908, katika mji wa kale wa Gezeri, wachimbaji walipata kibao kidogo cha jiwe la chokaa chenye maandishi ya karne ya 10 K.K. Kibao hicho chataja miezi ya mwaka kwa kazi za shamba: miezi ya kukusanya, miezi ya kupanda, mwezi wa kuvuna shayiri, na mingineyo. Baadhi ya wataalamu wadhani ni zoezi la mwanafunzi aliyekuwa akijifunza kuandika. Ikiwa ni hivyo, mtoto yule alijifunza herufi kwa maneno ya kazi aliyoiona kila siku nyumbani kwao.

Tena mwaka 1935, katika mji wa Lakishi, vilipatikana vigae vilivyoandikwa barua kwa wino, muda mfupi kabla jeshi la Babeli halijauangusha ufalme wa Yuda. Katika barua moja afisa mdogo aitwaye Hoshayahu ajitetea mbele ya mkubwa wake. Yaonekana mkubwa huyo alimdhania hajui kusoma. Hoshayahu aapa kwamba hajaitwa mtu wakati wowote kumsomea barua. Hivyo twaona kwamba siku hizo askari aliona aibu kudhaniwa hajui kusoma. Lakini tusidhani kwamba kila mtu alijua. Wakulima na wachungaji wengi waliishika dini yao kwa kusikia na kukumbuka, bila kusoma hata herufi moja.

3. Walimu waliotumwa mijini

Kitabu cha pili cha Mambo ya Nyakati chasimulia habari za Yosafati, mfalme wa Yuda katika karne ya 9 K.K. Katika mwaka wa tatu wa kutawala kwake alituma wakuu 5, Walawi 9 na makuhani 2. Watu hao 16 walikichukua kitabu cha Sheria, wakazunguka katika miji yote ya Yuda wakiwafundisha watu. Mfalme hakungoja watu waje Yerusalemu. Aliwatuma walimu kwao.

Kisha ikaja ile siku mbaya. Mwaka 587 K.K. (wengine wahesabu 586) jeshi la Babeli liliteketeza Yerusalemu na hekalu. Wengi wakapelekwa uhamishoni. Huko hapakuwa na madhabahu ya dhabihu wala mfalme wa ukoo wa Daudi. Hata hivyo yalikuwako mambo ambayo Wababeli hawakuweza kuyapokonya: maneno yaliyokaa katika vinywa vya wazee na masikio ya watoto.

Mwaka 538 K.K. Koreshi, mfalme wa Uajemi, aliwapa ruhusa kurudi. Katika karne iliyofuata, Esdra, kuhani na mwandishi, aliisoma Sheria mbele ya watu wote katika uwanja wa Mlango wa Maji huko Yerusalemu. Kitabu cha Nehemia chaeleza kwamba alisimama juu ya jukwaa la mti, watu sita kuumeni kwake na saba kushotoni, akasoma tangu mapambazuko hata adhuhuri. Wanaume na wanawake, na wote walioweza kufahamu, walikuwako. Nao Walawi wakawaeleza watu maana, ili wafahamu yaliyosomwa. Jambo hilo la mwisho ni kubwa. Kusoma bila kueleza hakukutosha. Wasikilizaji walipaswa kuelewa.

Karne zilizofuata, sinagogi ikawa mahali pa kusoma na kufundisha. Jiwe moja lenye maandishi ya Kigiriki, lililopatikana Yerusalemu mwaka 1913, lasimulia habari za Teodoto, kuhani na mkuu wa sinagogi, aliyeijenga nyumba hiyo kwa ajili ya kusoma Sheria na kufundisha amri, pamoja na vyumba vya wageni watokao mbali. Jiwe hilo lilichongwa kabla Warumi hawajauharibu mji. Katika nyumba ya namna hiyo, huko Nazareti, Yezu alisimama kusoma kitabu cha nabii Isaya, kama Luka asimuliavyo.

4. Nyumba ya masomo na nyumba ya michezo

Yapata mwaka 180 K.K. aliishi Yerusalemu mwalimu aitwaye Yoshua bin Sira. Mwishoni mwa kitabu chake awaalika wasiofundishwa wakae katika nyumba yake ya masomo. Awasifu mkulima, mchonga mihuri, mfua chuma na mfinyanzi, kwa kuwa mji hauwezi kukaa bila wao. Walakini asema kwamba mwenye kuchunguza hekima ahitaji nafasi ya kutulia. Mjukuu wake, aliyefika Misri mwaka 132 K.K., alikitafsiri kitabu hicho kwa Kigiriki, kwa ajili ya Wayahudi waliokaa ugenini.

Siku zile lugha na desturi za Wagiriki zilienea pande zote. Mwaka 175 K.K. Yasoni aliununua ukuhani mkuu kwa fedha kwa mfalme Antioko wa Nne, akajenga Yerusalemu nyumba ya Kigiriki ya mazoezi ya mwili na mafunzo ya vijana. Kitabu cha pili cha Wamakabayo chalalamika kwamba hata makuhani waliiacha madhabahu wakakimbilia michezo. Vijana wa wakubwa walivutwa kwa heshima na vyeo.

Kisha mfalme akatumia nguvu. Mwaka 167 K.K. vitabu vya Sheria vilipasuliwa na kuchomwa moto, na mtu aliyeonekana navyo aliuawa. Mwaka 164 K.K. Yuda Makabayo na watu wake walilitwaa hekalu na kulitakasa. Lakini wenye busara walikwisha kuona hatari. Ikiwa kila baba peke yake ndiye mwalimu, na baba huyo ameuawa vitani au amevutwa na desturi nyingine, ni nani atakayemfundisha mtoto?

5. Kuziba tundu mara tatu

Mapokeo ya Kiyahudi yamtaja Shimon ben Shetah, ndugu wa malkia Salome Alexandra aliyetawala tangu mwaka 76 hata 67 K.K. (Neno «ben» maana yake «mwana wa».) Yasemwa kwamba ndiye aliyeagiza watoto waende shule. Lakini masimulizi yaliyo wazi zaidi yamo katika Talmudi ya Babeli, kitabu kikubwa cha mafundisho ya walimu wa Kiyahudi kilichokusanywa hata karne ya 6 B.K. Yeleza hatua tatu.

Hapo mwanzo, mwenye baba alifundishwa na baba yake, na asiye na baba hakufundishwa kitu. Wakuu walipoliona jambo hilo, waliweka walimu wa watoto katika Yerusalemu. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza. Je, ilitosha? Haikutosha. Mwenye baba alichukuliwa na baba yake, akapandishwa Yerusalemu, akajifunza. Yatima wa kijijini hakuwa na mtu wa kumshika mkono njiani. Shule ilikuwako, lakini haikuwa kwa ajili yake.

Hatua ya pili, waliweka walimu katika kila wilaya, wakawapokea vijana wa miaka 16 au 17, wawezao kusafiri wenyewe. Hiyo nayo haikufaulu. Kijana wa umri huo, mwalimu akimkasirikia, alimwasi, akatoka akaenda zake. Mti uliokomaa haukunjiki kwa urahisi.

Hatua ya tatu ndiyo ya Yehoshua ben Gamla, aliyekuwa kuhani mkuu yapata mwaka 63 hata 65 B.K. Aliagiza walimu wawekwe katika kila wilaya na katika kila mji, na watoto waingizwe wakiwa na miaka 6 au 7. Sasa mwalimu alikaa karibu na mtoto. Tena mtoto alianza akiwa bado mwororo, kabla ya kiburi cha ujana. Yatima aliweza kwenda kwa miguu yake mwenyewe.

Na mtu huyo alikuwa nani? Hakuwa mtakatifu wa jangwani. Mapokeo yasema mke wake Martha, mjane tajiri, alitoa mali nyingi kwa mfalme ili mumewe apewe cheo. Flavius Josephus, mwandishi wa historia aliyeishi wakati huo, asimulia kwamba aliuawa Yerusalemu katika vita vya ndani, mwaka 68. Hata hivyo Talmudi yamkumbuka kwa sifa, ikisema kwamba bila yeye Torati ingalisahauliwa katika Israeli. Cheo kilichonunuliwa kilipita. Shule ya yatima ndiyo iliyobaki katika kumbukumbu.

Wataalamu wengi wa siku hizi waonya kwamba masimulizi hayo yaliandikwa muda mrefu baada ya Yehoshua ben Gamla, na kwamba shule zilienea polepole. Watu wengi wa Palestina, chini ya utawala wa Warumi, hawakujua kusoma. Kutoa amri ni jambo moja, kuitimiza ni jambo jingine. Tena shule hizo zilikuwa za wavulana. Juu ya wasichana walimu hawakupatana. Ben Azzai alisema baba apaswa kumfundisha binti yake Torati. Rabi Eliezer alikataa kwa maneno makali. Kwa karne nyingi neno la Eliezer ndilo lililofuatwa na wengi, na mabinti walio wengi walibaki na mafundisho ya mama zao. Tundu moja lilizibwa, jingine likaachwa wazi.

6. Mwaka 70 na baada yake

Mwaka 70 B.K. Warumi waliuteketeza mji wa Yerusalemu, na hekalu likaanguka mara ya pili. Mapokeo yasimulia kwamba wakati mji ulipozingirwa, mwalimu Yohanan ben Zakkai alitolewa nje ndani ya jeneza, wanafunzi wake wakimchukua kama maiti. Alipofikishwa kwa jemadari Vespasianus, aliruhusiwa kuomba neno. Aliomba mji mdogo wa Yavne pamoja na walimu wake. Palipokuwa na madhabahu, sasa palibaki benchi la mwanafunzi.

Baada ya vita vingine, vya mwaka 132 hata 135, serikali ya kaisari Hadrianus ilikataza kufundisha Torati. Kati ya waliouawa kwa kufundisha alikuwa Rabi Akiva. Habari za mtu huyo zawafaa sana wale wote walioanza kusoma wakiwa watu wazima. Yasemwa kwamba hata umri wa miaka 40 hakujua kusoma. Siku moja aliona jiwe la kisimani lililotobolewa na maji, akafikiri: ikiwa maji laini yaweza kutoboa jiwe gumu, je, Torati haiwezi kuingia katika moyo wangu? Akaenda pamoja na mwanawe mdogo kwa mwalimu wa watoto. Baba akashika upande mmoja wa ubao, mtoto akashika upande wa pili, wakajifunza herufi pamoja.

Yapata mwaka 200, huko Galilaya, Rabi Yehuda aitwaye Mkuu aliyakusanya mafundisho ya walimu katika Mishna, yenye mafungu sita.

7. Jinsi walivyofundisha

Mtoto alianza na herufi, zilizoandikwa juu ya ubao, mara nyingine ubao uliopakwa nta. Ili herufi zikae kichwani, walizitafutia maana. Mbili za kwanza, alef na bet, zilikumbusha kujifunza ufahamu. Mbili zilizofuata, gimel na dalet, zilikumbusha kuwatendea mema maskini. Hivyo mtoto hakuweza kujua herufi nne bila kukumbushwa yule asiye na kitu.

Baada ya herufi, mapokeo yasema, watoto wadogo walianza na kitabu cha Walawi, kinachoeleza habari za dhabihu na usafi. Sababu iliyotolewa ni kwamba watoto ni safi, basi waanze na mambo yaliyo safi. Mishna yaweka ngazi za umri: miaka 5 kwa Maandiko, miaka 10 kwa Mishna, miaka 13 kwa kuzishika amri.

Walisoma kwa sauti, wakarudia, wakarudia tena. Shule yao ilisikika mbali. Mishna yasema kwamba majirani wa ua mmoja waweza kumzuia mtu asifungue duka, kwa sababu ya kelele za waingiao na watokao. Lakini hawawezi kulalamika juu ya kelele za watoto wanaosoma.

Katika karne ya 4, mwalimu Rava wa Babeli aliweka hesabu. Mwalimu mmoja afundishe watoto 25. Wakiwa 50, wawe na walimu wawili. Wakiwa 40, awekwe msaidizi, na mji umsaidie kumlipa. Tena alisema mtoto aweza kupelekwa sinagogi nyingine ya mji ule ule, lakini asipitishwe mto kila siku isipokuwa pana daraja imara. Ubao mwembamba juu ya maji hautoshi.

Walibishana pia juu ya mwalimu wa kuchaguliwa. Yupi ni bora: afundishaye mengi kwa haraka lakini hasahihishi vema, au afundishaye machache kwa usahihi? Rava alimchagua wa kwanza, akidhani makosa hutoka yenyewe. Rav Dimi wa Nehardea alimchagua wa pili, maana kosa likiisha kuingia katika kichwa cha mtoto, hukaa. Kila mwalimu aweza kulipima swali hilo kwa madaftari ya wanafunzi wake.

8. Mwalimu awe mtu wa namna gani

Mapokeo yampa Hillel, aliyeishi Yerusalemu muda mfupi kabla na baada ya kuzaliwa kwa Kristu, neno hili: mtu aonaye haya kuuliza hawezi kujifunza, na mtu wa hasira hawezi kufundisha. Siku moja mgeni alimwendea, akitaka kujifunza Sheria iliyoandikwa tu, bila mapokeo ya walimu. Hillel akamfundisha herufi nne za kwanza. Kesho yake akamfundisha herufi zile zile kinyumenyume. Mgeni akashangaa, kwa kuwa jana hakufundishwa hivyo. Hillel akamwonyesha kwamba hata katika kuzijua herufi amemtegemea mwalimu wake. Basi na amtegemee katika mengine pia.

Huko Babeli, katika karne ya 3, mwalimu mkubwa Rav alimpa mashauri mwalimu wa watoto, Shmuel bar Shilat. Asimpokee mtoto kabla ya miaka 6. Akiisha kutimiza miaka hiyo, amlishe Torati kama mtu amlishavyo ng'ombe. Akimpiga mtoto, asimpige kwa kitu kingine ila ukanda mwembamba wa kiatu. Na mtoto asiyeweza kusoma, asimfukuze. Na akae karibu na wenzake, awe rafiki yao. Siku nyingine Rav alimkuta mwalimu huyo amesimama katika bustani yake, akamuuliza kama ameuacha uaminifu wake. Yule akajibu kwamba ni miaka 13 hajaiona bustani hiyo, na hata sasa moyo wake uko kwa watoto.

Mwingine, Rabi Perida, alikuwa na mwanafunzi mzito sana. Yasemwa kwamba alimrudia kila somo mara 400, ndipo akalishika. Siku moja mwalimu aliitwa kwenda mahali pengine, na baada ya mara 400 mwanafunzi hakulishika bado. Alipoulizwa sababu, alisema kwamba tangu aliposikia mwalimu ameitwa, hakutulia. Kila saa alidhani sasa ataondoka. Rabi Perida hakumgombeza. Alimtuliza, akamrudia somo mara 400 nyingine.

Tena katika karne ya 3, walimu watatu walitumwa kukagua shule katika miji ya Palestina. Katika mji mmoja hawakukuta mwalimu hata mmoja. Wakaomba waonyeshwe walinzi wa mji. Wakaletewa askari wa zamu. Wageni wakasema kwamba hao si walinzi, bali ni waharibifu. Walinzi wa mji ni wale wanaowafundisha watoto.

9. Nyavu za Rabi Hiyya

Masimulizi ya mwisho yaturudisha kwa yatima. Rabi Hiyya, aliyeishi mwanzoni mwa karne ya 3, alieleza jinsi alivyofanya ili Torati isisahauliwe. Alipanda kitani. Kwa kitani alifuma nyavu. Kwa nyavu alinasa paa. Nyama aliwapa yatima wale, na ngozi alizitengeneza kuwa vitabu. Kisha alikwenda katika mji usio na mwalimu, akaandika vile vitabu vitano vya Musa kwa ajili ya watoto watano, kila mtoto kitabu kimoja. Akawafundisha watoto sita yale mafungu sita ya Mishna, kila mtoto fungu moja. Akawaagiza kwamba hata atakaporudi, kila mmoja amfundishe mwenzake yale aliyojifunza.

Katika kazi hiyo twaona yote yaliyokwisha kusemwa. Hakuwangojea watoto, aliwaendea. Hakufundisha tumbo lenye njaa, alilisha kwanza. Hakulalamika kwamba vitabu havipo; alianza na mbegu ya kitani. Na alipoondoka, shule haikufungwa, maana kila mtoto alikuwa amekwisha kuwa mwalimu wa mwenzake.

Basi swali la mwanzo lajibiwa hivi. Mtoto mwenye baba afundishwe na baba yake. Wajibu huo haukufutwa wakati wowote. Mtoto asiye na baba afundishwe na mji mzima. Wayahudi walipoteza ufalme, wakapoteza hekalu mara mbili, wakatawanywa katika nchi nyingi. Wafalme waliowashinda hawapo tena. Lakini popote palipopatikana mwalimu mmoja, ubao mmoja na watoto waliokaa chini kusoma, Torati haikusahauliwa.

Maswali

1. Kwa nini mafundisho ya nyumbani peke yake hayakutosha?
2. Eleza hatua tatu za kuweka shule. Kwa nini mbili za kwanza hazikufaulu?
3. Rava aliagiza watoto wangapi kwa mwalimu mmoja? Na wakiwa 40, ifanyike nini?
4. Rabi Perida alitambuaje kwamba mwanafunzi wake hakuwa mvivu?
5. Katika mtaa au kijiji chenu, ni mtoto gani asiye na mtu wa kumshika mkono njiani?